Mama kadaiwa "kibali cha sola" kijijini Newala: nimefuatilia, karibuni tuelezane

MwanaNewala
Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu kidogo, nivumilieni, kwa sababu jambo lenyewe limeniuma.

Malipo ya korosho yalipoingia, mama yangu mzazi aliamua kununua sola bila kuniuliza. Paneli mbili za wati 550, inverta ya kugeuza umeme wa paneli uwe wa nyumbani, betri moja ya lithiamu. Alitaka friji ya kuuzia barafu na taa za uani, basi. Mikorosho ile ameipalilia tangu mimi nikiwa mgongoni, hela ile ni jasho lake. Fundi akaja, akafunga kwa siku moja, taa zikawaka. Siku ya tatu akatokea kijana na kitabu cha stakabadhi: "Mama, sola hii umeifunga bila kibali. Kibali ni elfu 80. Usipolipa tunakuja kuzishusha." Mama akalipa. Mimi aliniambia wiki mbili baadaye, tena kwa sauti ya chini, kana kwamba yeye ndiye mwenye kosa.

Nikaomba picha ya stakabadhi. Imeandikwa kwa kalamu "ada ya sola". Haina jina la ofisi, haina kontro namba (namba ya malipo ya serikali), muhuri hausomeki.

Mimi naishi Mtwara mjini na kazi yangu haihusiani na umeme. Nikaomba ruhusa kazini siku mbili, nikaenda kuuliza. Nilichokuta nakiweka hapa, wenye ujuzi mtanisahihisha.

Nilianza kwa mhandisi wa ujenzi. Alinieleza kwamba mjini, Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inamtaka mtu apate kibali kabla ya kuendeleza kiwanja, yaani kujenga, kuongeza jengo, kubadilisha matumizi. Paneli zilizolala juu ya bati la nyumba ambayo tayari imesimama, yeye hazihesabu kuwa jengo jipya. Lakini ukimwaga nguzo za zege uani ukaezeka kwa paneli kama banda la gari, au ukabomoa paa ili ulisuke upya libebe uzito, hapo umejenga, na kibali cha ujenzi kinakuhusu kama kinavyomhusu mwenye kujenga ukuta. Akasema mwenye mashaka apeleke mchoro ofisini kwanza, maana kuuliza hakutozwi.

Nikamuuliza habari za kijijini. Akaniambia ushuru wa halmashauri hauzuki njiani. Unatokana na sheria ndogo zinazopita kwa madiwani, chini ya Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, na malipo yanapita kwenye mashine ya POS au kontro namba. "Kama hana hata kimojawapo," akasema, "huyo anajikusanyia."

Upande wa kuzalisha umeme wenyewe, Sheria ya Umeme ya 2008 haimdai leseni ya kuzalisha mtu aliye chini ya megawati 1. Megawati 1 ni kilowati 1,000. Mama ana kilowati 1.1. Ili afike huko angehitaji paneli kama zile zaidi ya 1,800, nazo zingefunika zaidi ya ekari nzima ya mikorosho yake.

Hapo nikadhani nimemaliza. Kumbe sheria hiyo hiyo imezitaja kazi zinazohitaji leseni, na kufunga umeme ni mojawapo. Leseni hiyo haimhusu mama, inamhusu fundi. Inatolewa na EWURA, mamlaka inayosimamia huduma za nishati na maji, ina daraja lake na tarehe ya kuisha, na orodha ya wenye nayo hutangazwa. Nikampigia fundi aliyemfungia mama, nikamwomba namba ya leseni. Kimya. Kisha akasema, "Kaka, mimi nimejifunza kwa mikono tu."

Nimekaa na maneno yale siku nzima. Mama kalipishwa karatasi ambayo haipo. Karatasi iliyopo hakuna aliyeiuliza, hata mimi mwanawe niliyesoma.

Naomba mnisaidie mambo mawili. Fundi wa pili akija akague nini? Na sisi wa mjini wenye LUKU, yaani umeme wa TANESCO, tukitaka kuongeza sola, tunapita wapi?

FundiChikongola
Mkuu pole sana, na mpe pole mama. Mimi ni fundi mwenye leseni, nafanya kazi hizi Mtwara hadi Tandahimba. Naomba niongelee swali la kwanza kwa kirefu, kwa sababu ndipo nyumba zinapoungulia.

Watu wanaichukulia sola kama kitu kipole kwa sababu haitoki kwenye nguzo. Paneli moja ya wati 550 ikiwa haina mzigo ina volti karibu 50. Ukiziunga kumi mfululizo, kama tunavyofanya kwenye nyumba kubwa, una volti 500 zinazoteremka kwenye waya mmoja juani, na hakuna wa kuzizima mpaka jua lizame. Tena huo ni umeme wa DC, unaokwenda upande mmoja tu. Umeme wa nguzo unapita kwenye sifuri mara 100 kwa sekunde, hivyo cheche ikiruka hupata nafasi ya kufa. Cheche ya DC haina nafasi hiyo, inaendelea kuwaka kama ya kuchomelea. Ndiyo maana breka ya upande wa paneli ni lazima iwe imeandikwa kwamba ni ya DC. Nimekuta nyumba nyingi zina breka ya kawaida ya ukutani, na ukimuuliza fundi anakwambia "zote ni breka". Hapana. Ile siku ukiihitaji itakuyeyukia mkononi.

Kwa mama, fundi aanze na hiyo. Kisha athi, njia ya kupeleka umeme uliovuja ardhini: fremu za paneli, reli na inverta vyote viunganishwe na fimbo iliyozama ardhini, na aipime, asiitazame kwa macho tu. Kisha fyuzi au breka kati ya betri na inverta, karibu na betri. Betri ya lithiamu ya volti 48 na ampia saa 100 ina karibu kilowati saa 5 ndani yake, na ncha zake mbili zikigusana haikuulizi unataka kasi gani. Isikae chumba cha kulala wala chini ya dirisha linaloingiza mvua.

Halafu paa. Hapa kusini watu wanasahau upepo. Paneli moja ina karibu kilo 28, mbili hazivunji kenchi nzuri, lakini kuna bati la geji 30 lililopigiliwa kwenye papi zilizoliwa na mchwa. Reli zishike mbao, zisishike bati. Paneli zisifike ukingoni mwa paa, maana upepo unanyanyua zaidi pembeni na kwenye kona. Na ziachwe nafasi ya hewa chini, sentimita 10 hadi 15. Paneli ikipata joto inapoteza nguvu, karibu asilimia 0.4 kwa kila digrii juu ya 25, na juu ya bati letu saa 7 mchana digrii 60 ni kawaida.

Kwa ndugu zangu wa Shangani, Msimbati, na pwani yote ya Lindi: chumvi. Bolti za kawaida zinakula kutu mwaka wa pili. Dai stenlesi, na ukinunua paneli uliza kama zimepita kipimo cha chumvi, namba yake ya kimataifa ni IEC 61701. Ubora wa kawaida wa paneli ni IEC 61215, usalama ni IEC 61730. Alama hizo ziko nyuma ya paneli kwenye karatasi ya taarifa. Na risiti iwe ya mashine ya EFD, bila hiyo waranti utaidai kwa nani?

Leseni yangu huwa natembea nayo. Mteja akiiomba nafurahi. Iombeni kabla ya kunipa hata shilingi moja.

MwanaNewala
Fundi, ahsante sana. Nimeinakili yote. Swali dogo: zielekee wapi? Za mama zimeelekea barabarani, nadhani ni magharibi.

FundiChikongola
Kaskazini. Sisi tuko nyuzi 10 kusini mwa ikweta, jua kwa sehemu kubwa ya mwaka linapita upande wetu wa kaskazini. Mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15 unatosha, mvua ioshe vumbi na kinyesi cha ndege. Magharibi haitakufa, ila asubuhi atapata umeme kidogo zaidi na friji itategemea betri. Kama ni kuzihamisha, zihamishwe sasa wakati fundi yupo juu tayari.

MzeeWaLaini
Vijana, salaam. Nimestaafu. Nimepanda nguzo kati ya Mtwara na Masasi kwa miaka mingi, nami nitajibu swali la pili, la wenye LUKU.

Mnajua historia yetu. Kwa miaka mingi mikoa hii ilikuwa nje ya gridi ya Taifa, tunategemea mitambo yetu wenyewe inayotumia gesi ya Mnazi Bay. Mtambo ukisumbua, Mtwara na Lindi nzima gizani. Watu wakajinunulia majenereta. Na njia rahisi ya kuwasha nyumba kwa jenereta, mtu anachomeka waya wenye plagi pande zote mbili kwenye soketi ya ukutani. Nyumba inawaka. Lakini umeme ule unatoka nyumbani kwake, unapita kwenye mita, unapanda kwenye transfoma. Na transfoma haina mlango wa upande mmoja. Ukiipa volti 230 kutoka chini, inatoa maelfu juu.

Mwenzangu mmoja alikuwa juu ya nguzo, laini imekatwa, kibali cha kazi kimesainiwa, kila kitu kimefuatwa. Nyumba moja ikawasha jenereta. Tulimshusha akiwa hai, lakini mkono wake wa kulia haukurudi. Sikuwahi kumjua mwenye nyumba, na sidhani kama mwenyewe alipata kujua alichofanya.

Sola yenye inverta ni jenereta isiyopiga kelele. Kwa hiyo kama nyumba yako ina umeme wa TANESCO, lazima kuwe na swichi ya chenjiova, inayochagua umeme mmoja na kuukata mwingine, au inverta ya kweli inayojitenga na laini mara laini inapokufa. Waya mbili zisikutane kamwe. Zikikaa mbalimbali kabisa, sola na taa zake, LUKU na soketi zake, hilo ni jambo la ndani ya nyumba yako na fundi wako mwenye leseni. Lakini ukitaka zikutane, umeme wa paneli uende kwenye laini, hapo umeingia kwenye mali ya shirika na kwenye maisha ya watu. Ni lazima uwaandikie TANESCO, waje wakague, mkubaliane kwa mkataba na mita ibadilishwe. Mita ya kawaida ya LUKU haikutengenezwa kununua umeme wako.

Kila mtu anayesoma hapa, kama una ile plagi ya pande mbili nyumbani, ikate leo. Nawaombeni.

MwanaNewala
Shikamoo mzee. Nimesoma habari ya mwenzako nikalazimika kusimama kidogo. Mama hana TANESCO kwa sasa, nguzo zimepita barabarani ila hajavuta. Akivuta, nitahakikisha chenjiova iko ukutani kabla mita haijafungwa.

MzeeWaLaini
Marahaba mwanangu. Umenena vyema.

BintiMitwero
Jamani na sisi wapangaji? Niko Lindi manispaa, nyumba ya kupanga, nina kilowati 2 zangu nimezifunga mwaka juzi. Mwenye nyumba alikubali kwa mdomo. Mwaka huu ameuza nyumba, na mnunuzi ananiambia paneli "zimekuja na paa". Zaidi ya milioni 3 zangu ziko juu pale.

Nimepata msaada ofisi ya serikali ya mtaa, mwenyekiti ametuita wote watatu tumekaa. Tumeandikishana. Lakini ningeandikishana siku ya kwanza nisingelala macho wiki tatu. Wapangaji wenzangu: andikeni karatasi ya ukurasa mmoja, na mashahidi, isemwe paneli ni za nani, nani anaziba matundu ya bati siku ya kuhama, na kama mwenye nyumba anaruhusu kutoboa ukuta. Pigeni picha ya namba za paneli. Risiti zangu zenye jina langu ndizo zilizoniokoa.

Mkulima_Nachingwea
Naomba kuuliza. Mimi nina paneli sita, umeme unabaki. Majirani wanne wanataka niwavutie waya, watanichangia kila mwezi. Kuna shida?

FundiChikongola
Mkulima, hapo si nyumba tena, ni biashara ya kusambaza umeme. Miradi midogo ina unafuu wake, chini ya megawati 1 hudaiwi leseni ya kuzalisha. Lakini EWURA wakujue, ujiandikishe. Na waya unaopita juu ya njia ya watu ukianguka kwa mtoto, hakuna mchango wa mwezi utakaolipa. Kuchaji simu za watu hapo kwako ni jambo jingine, hilo leseni ya biashara ndogo inatosha. Ningekuwa wewe ningeanza na barafu na simu.

MatumbiKilwa
Niongeze la Kilwa. Huku nyumba nyingi bado ni za makuti, na sijaona fundi anayetaka kupandisha paneli juu ya makuti akanishawishi. Joto la kiungio kibovu, kuti kavu, na upepo wa kusi. Wekeni paneli kwenye nguzo uani, mbali na paa, msingi wa zege. Na msingi ukiwa mjini, rudi kwenye maneno ya mhandisi pale juu.

Kwa wanaoishi Kilwa Kisiwani, pale ni urithi wa dunia tangu 1981, na magofu yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Hata kuchimba shimo la nguzo karibu na kuta zile si jambo la mtu na fundi wake. Tuliwahi kumzuia kijana aliyetaka kusimamisha nguzo hatua chache kutoka kwenye ukuta wa kale. Hakuwa na nia mbaya, alitaka kuchaji simu. Alipoelezwa alisogea mwenyewe.

Na upepo nao usipuuzwe. Wazee wetu Lindi bado wanataja kimbunga cha 1952. Kenneth cha 2019 kiliangukia upande wa Msumbiji, lakini Mtwara tulikuwa tumeshafungasha. Hidaya kilikuja Mei 2024, barabara ya Somanga ikakatika, tukabaki kama kisiwani. Siku zile bila umeme wa nguzo, nyumba zenye paneli zilizofungwa sawasawa ndizo mtaa mzima ulipochajia simu kujulishana walio hai.

Hawa_wa_Naliendele
MwanaNewala, je, yule kijana wa stakabadhi umemfikisha wapi? Kwetu amepita mtu wa namna hiyo. Kwa shangazi yangu kataja elfu 50.

MwanaNewala
Da Hawa, leo nimerudi kutoka kijijini, nieleze yote.

Nilikwenda na fundi mwenye leseni. Leseni yake niliihakiki kwanza, jina na tarehe vikalingana. Alipofungua boksi alinyamaza, akaniita nione mwenyewe. Breka ya upande wa paneli ilikuwa ile ya kawaida ya nyumbani, plastiki yake imeshaanza kuwa kahawia. Athi haikuwepo kabisa: kulikuwa na waya wa kijani umetoka kwenye inverta, umeshuka ukutani, umeishia kwenye mchanga kama sentimita 5. Mtu angepita na jembe angeung'oa. Na betri ilikuwa chini ya kitanda cha mama.

Amebadilisha breka, amezamisha fimbo na kuipima, betri ameihamishia barazani kwenye kijumba cha matofali chenye matundu ya hewa, paneli zimegeuzwa kaskazini. Jumla haikufika mara mbili ya zile elfu 80. Ameacha karatasi yenye namba ya leseni yake, alichobadilisha na vipimo, na saini. Mama ameisoma mara mbili.

Yule fundi wa kwanza alikuja. Nilimwita mwenyewe, sikutaka asikie kwa mtu mwingine. Amesimama pembeni kazi yote akitazama, mwisho akamuuliza mwenzake jinsi ya kupata mafunzo na leseni. Wameondoka pamoja kwa pikipiki moja.

Kuhusu kijana wa stakabadhi: nilikwenda kwa mtendaji wa kijiji. Hamjui, na kijiji hakina ushuru wa namna hiyo. Tumeandika maelezo, mama ameweka saini, nakala imekwenda kata. Nimepiga pia TAKUKURU, namba 113, ni bure, wamechukua maelezo. Shangazi yako afanye vivyo hivyo, da Hawa, na asiitupe stakabadhi. Tumegundua kaya nne kijijini kwetu zimelipa, wote ni wanawake wanaoishi peke yao.

Hawa_wa_Naliendele
Wote wanawake. Na shangazi naye anaishi peke yake. Nampigia sasa hivi.

MzeeWaLaini
Mwanangu, mkutano wa kijiji ni lini? Nina mdogo wangu huko, nataka aende.

MwanaNewala
Jumamosi ijayo mzee, saa 4 asubuhi, chini ya mwembe wa ofisi. Mama ameomba nafasi ya kusema. Stakabadhi ile kaifunga kwenye pindo la kanga, hataki hata mimi niishike.